Macho Makavu

Kwetu pwani, kumwambia mtu kwamba ana macho makavu si kumwambia anaumwa. Ni kumwambia hana haya. Huambiwa mtoto anayemkazia macho mtu mzima akigombezwa, au mdeni anayekatiza mbele ya duka la anayemdai huku anapiga mluzi. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, hivyo msemo huu nimeuandika ubaoni mara nyingi na kuutungia sentensi. Sikujua kwamba unaweza pia kuwa jibu la kipimo cha hospitali, lenye namba kabisa: jicho la kulia milimita 3, la kushoto milimita 2.

Kipimo chenyewe ni cha kushangaza kwa urahisi wake. Daktari wa macho anachukua ukanda mwembamba wa karatasi inayonyonya maji, anaukunja ncha, anauning'iniza kwenye kope la chini. Unafumba macho dakika 5. Machozi yanapanda kwenye karatasi kama chai inavyopanda kwenye andazi, kisha anaangalia yamefika wapi. Kilibuniwa na Mjerumani Otto Schirmer mwaka 1903, na mpaka leo hakihitaji umeme. Yakiishia milimita 5 au chini ya hapo, tezi zako za machozi zina tatizo.

Kufika kwenye karatasi ile kulinichukua miaka mitatu. Nilianza na mchanga machoni. Kila mwalimu aliyetumia chaki angesema ni vumbi, nami nilisema hivyohivyo. Kisha kinywa. Mkate ukaanza kugoma kwenye kaakaa. Muhogo wa kuchoma, ambao nimekua nikiula njiani bila hata kusimama, ukawa hauendi mpaka niusukume kwa funda la maji. Usiku nilikuwa naamka mara tatu, ulimi umeganda. Zahanati nilipimwa malaria, taifodi na sukari. Mashavu yalipovimba mbele ya masikio, jirani akasema ni matubwitubwi, na muuguzi akanishauri nipime virusi vya UKIMWI. Nikapima. Baada ya miezi sita mashavu yakavimba tena, nikapima tena. Vyote vilitoka safi, na kila vilipotoka safi niliambiwa nipumzike, ninywe maji mengi.

Aliyeshtuka ni daktari wa meno. Katika mwaka mmoja meno yangu manne yalikuwa yameoza karibu na fizi, na mimi si mtu wa pipi wala soda. Akaweka kioo chake chini, akaniangalia usoni badala ya kinywani.

"Mwalimu, usiku unaamka kunywa maji?"

"Kila siku, daktari."

"Meno yanalindwa na mate. Sasa ya kwako yako wapi?"

Ni swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na hakuna anayeyahesabu. Lugha yetu imeyapa kazi ya kutamani, kwamba mtu humeza mate akiona asichoweza kupata. Mimi nilikuwa nimefika mahali pa kuyatamani mate yenyewe.

Alinipa barua ya rufaa. Kutoka Tanga nikaenda Dar es Salaam mara nne. Walinipima macho kwa ile karatasi. Walinichanja ndani ya mdomo wa chini na kutoa tezi ndogondogo za mate, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele, wakaziweka chini ya hadubini. Walichukua damu, na majibu yakarudi baada ya wiki tatu yakiwa na kingamwili inayoitwa Ro. Baadaye nilisoma kwamba herufi hizo mbili zilitoka kwenye jina la mgonjwa ambaye damu yake ilitumika kuigundua, na hilo lilinifariji kidogo. Niliona kuna mtu mwenzangu ndani ya karatasi ile ya maabara.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Sjögren, hutamkwa kama "shogreni". Henrik Sjögren alikuwa daktari wa macho wa Sweden. Mwaka 1933 alitoa tasnifu kuhusu wanawake 19 wenye macho makavu, wengi wao wakiwa pia na vinywa vikavu, na 13 kati yao wakiwa na maumivu ya viungo. Alisisitiza kwamba huu si ugonjwa wa jicho peke yake, bali wa mwili mzima. Wakubwa wake hawakuridhika. Tasnifu ilipewa alama isiyotosha kumfungulia njia ya kufundisha chuo kikuu, akaendelea na kazi yake ya hospitali. Leo jina lake linaandikwa kwenye vyeti vya wagonjwa dunia nzima, na takribani 9 kati ya kila 10 ni wanawake.

Kinachotokea ni hiki. Seli nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupambana na wadudu wa maradhi, zinaingia kwenye tezi za machozi na za mate na kukaa humo kama zimekuta adui. Hakuna adui. Lakini zikishakaa, zinaitana. Zinaitana kwa protini ndogo ziitwazo saitokaini, ambazo seli moja huzitoa ili seli nyingine izisome na kuchukua hatua: njoo, zaliana, vimba, shambulia. Waswahili tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Saitokaini ndiyo mbiu. Kwangu ilikuwa inalia bila jambo, na mgambo walikuwa wanakuja kweli, na rungu zao.

Ukavu nimejifunza kuishi nao. Nina matone ya macho kwenye mkoba, chupa ya maji mkononi, dawa ya meno yenye floridi nyingi. Mwezi wa Ramadhani nilijaribu kufunga nikashindwa siku ya pili. Ulimi ulipasuka hadi ukatoa damu. Shehe wa mtaani kwetu alinielewa haraka kuliko watu wengine wote, akasema mgonjwa wa kudumu analipa fidia, anamlisha maskini kwa kila siku asiyofunga. Kwa hiyo nalisha, na mchana nakunywa maji yangu nyuma ya kabati la vitabu, si kwa sababu ya dhambi, bali kwa sababu ya wanafunzi.

Kilichonishinda ni uchovu.

Nachagua neno hili kwa kukosa jingine. Uchovu ninaoufahamu tangu utotoni ni ule wa kutoka shamba, ule ambao ukilala unaisha na ukiamka una njaa. Huu nauamkia. Ni asubuhi, nimelala saa nane, na mwili uko kama gunia la chumvi lililonyeshewa. Naukalisha kitandani kwanza. Naujadili. Kuna siku kupanda ngazi za kwenda darasa la kidato cha tatu ni jambo ninalolipangia tangu usiku. Kuna siku natafuta neno "kivumishi" mbele ya wanafunzi arobaini na sita na silioni, neno nililolifundisha miaka kumi na moja.

Mwaka 2011 Venus Williams alijiondoa kwenye mashindano ya wazi ya tenisi ya Marekani na kutangaza kwamba ana ugonjwa huu. Niliposoma habari hiyo nilimtumia wifi yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akisema, si kwa ubaya bali kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba kaka yake ameoa mwanamke anayependa kulala. Akanijibu: "Huyo wifi anacheza tenisi. Wewe unashika chaki."

Bibi yangu alipofariki, tulikaa Pangani siku tatu. Bibi ndiye aliyenilea. Alinifundisha kukuna nazi, kusoma, na kunyamaza. Nilikaa kwenye mkeka kati ya mama zangu wadogo, wote nyuso zimelowa, na mimi kifua kinapanda na kushuka, koo limekaza, macho yanauma kama yamepakwa pilipili, na hakuna kitu kinachotoka. Mwanzoni mwa ugonjwa machozi ya majonzi huweza kubaki hata yale ya kila siku yakiwa yamepungua. Mimi nilikuwa nimeshavuka hapo. Siku ya pili nilijilaza chumba cha ndani kwa sababu sikuweza tena kukaa wima. Nikamsikia mwanamke mmoja wa ukoo, nje ya dirisha, akisema kwa sauti ya chini: "Hata chozi. Na sasa amekwenda kulala." Mama akamjibu kwamba naumwa. Yule mwanamke akauliza naumwa nini. Mama akanyamaza, kwa sababu hakujua aseme nini ambacho mtu angeweza kukiona.

Hapo ndipo nilipoanza kutaka namba. Kwa macho ninayo: 3 na 2. Kwa mdomo ninayo. Hata kwa jambo linalonitisha kuliko yote, daktari alikuwa nayo. Nilipomwambia kwamba mimi na mume wangu tunataka mtoto wa pili, alinieleza kwamba kingamwili ya Ro inaweza kuvuka kondo la nyuma na kuharibu njia za umeme za moyo wa mtoto tumboni. Hutokea kwa mimba moja au mbili kati ya 100, na kuna namna ya kuufuatilia moyo huo tangu wiki ya 16 au zaidi kidogo. Nilitetemeka, lakini nilitoka na kitu cha kubeba nyumbani. Mume wangu alikishika, akakigeuzageuza, akasema basi 98 ni wengi. Kwa uchovu sikuwa na cha kumpa mtu yeyote.

Kliniki iliyofuata nilimwambia daktari. Akafungua faili, akaangalia kipimo cha kasi ya damu kushuka, akaangalia protini ya uvimbe kwenye damu, akatabasamu. "Mwalimu, vipimo vyako vizuri sana. Ugonjwa umetulia." Alikuwa na furaha ya kweli kwa ajili yangu. Alikuwa ameniandikia haidroksiklorokwini, binamu wa ile klorokwini iliyokuwa ikituwasha mwili mzima kabla Tanzania haijaiacha kwa malaria mwaka 2001. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesoma kuhusu utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2014. Wagonjwa 120 waligawanywa, wengine wakapewa dawa hiyo na wengine kidonge kisicho na dawa, na baada ya wiki 24 ukavu, maumivu na uchovu havikutofautiana kati yao. Nilimuuliza. Akasema kweli, ila wapo inaowasaidia viungo na ngozi, tuipe muda. Nikaipa muda.

Mdogo wangu ni mtaalamu wa maabara. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba uchovu wa mgonjwa si uvivu wa mwili bali ni amri. Mwaka 1957, jijini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kwamba seli zilizokutana na virusi hutoa kitu kinachozilinda seli jirani, wakakiita interferoni. Baadaye, interferoni ilipotengenezwa kuwa dawa na kuchomwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C, wengi wao walichoka mpaka kushindwa kuamka, na baadhi wakaingia kwenye sonona. Walichomwa mbiu kwenye sindano, na mwili ukaitii. Mwaka 1988 daktari wa mifugo wa California, Benjamin Hart, aliandika kwamba mnyama mgonjwa anayejikunyata na kukataa kula hajashindwa. Anafuata mpango wa zamani wa kutunza nguvu ili homa ifanye kazi yake. Kuku anayesinzia pembeni ya banda anapigana.

Na watu wa Sjögren, mdogo wangu aliniambia, wengi wana alama za interferoni zilizopanda katika damu.

Niliona njia. "Basi nipime hizo saitokaini," nilimwambia kwenye simu. "Zikiwa juu, nina karatasi. Nampelekea mkuu wa shule, nampelekea wifi yako, nampelekea yule mama wa Pangani."

"Dada, hicho si kipimo cha kliniki. Ni cha watafiti."

"Nitalipa."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ngoja nikutumie kitu. Kisome chote kabla hujanipigia."

Ulikuwa utafiti wa Uingereza wa mwaka 2016. Walichukua wagonjwa 159 wa Sjögren na watu 28 wenye afya wasio na uchovu, wakapima saitokaini 24 katika damu ya kila mmoja, wakalinganisha na uchovu ambao kila mgonjwa aliuripoti mwenyewe. Walitegemea kile ambacho mimi nilitegemea, kile ambacho mtu yeyote angetegemea: mbiu ikilia zaidi, uchovu zaidi. Wagonjwa kwa jumla walikuwa na saitokaini nyingi za kuchochea uvimbe kuliko wenye afya. Mpaka hapo sawa. Lakini miongoni mwa wagonjwa wenyewe mambo yalipinduka. Waliochoka zaidi ndio waliokuwa na baadhi ya saitokaini hizo kwa kiwango cha chini zaidi, ikiwemo interferoni aina ya gama na nyingine inayoitwa IP-10. Watafiti wakapendekeza kwamba huenda siri iko katika namna mwili unavyoufunga breki uvimbe wenyewe, si katika uvimbe peke yake.

Niliusoma mara tatu, kamusi ikiwa pembeni. Mara ya tatu niliweka simu chini nikakaa.

Fikiria ningekuwa nimepimwa. Fikiria mdogo wangu angenipatia nafasi kwenye maabara fulani, nikauza kitu, nikapata karatasi, nikaingia nayo ofisini kwa mkuu wa shule siku ambayo siwezi kushika kalamu. Karatasi ingeweza kusema: kimya. Ingenishuhudia vibaya. Mtu aliyechoka kuliko wote angeonekana ndiye mzima kuliko wote, na wote waliosema napenda kulala wangekuwa na muhuri wa maabara.

Nilimpigia.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona. Kwa hiyo hakuna kipimo."

"Kipo, dada. Angalia walipimaje uchovu."

Niliangalia tena. Saitokaini walizipima kwa mashine. Uchovu walipima kwa kuwauliza watu. Kila mmoja wa wale 159 alijibu mwenyewe amechoka kiasi gani, na watafiti wakaandika namba aliyoisema. Halafu damu ilipokataa kukubaliana na wagonjwa, hawakusema wagonjwa wanadanganya. Walisema nadharia yetu ya damu ina kasoro, tuirekebishe. Katika miaka yangu yote ya kukaa kwenye mabenchi ya kusubiri, sikuwa nimeona neno la mgonjwa likipewa uzito wa namna hiyo: likawekwa upande mmoja wa mizani, maabara upande wa pili, na ikawa maabara ndiyo inayotakiwa kujieleza.

Siku hiyo nilianza daftari. Ni daftari la kawaida, la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila jioni naandika namba kuanzia 0 hadi 10, na mstari mmoja: nilifanya nini, kipi kilinishinda. "7. Vipindi vinne. Sikusahihisha." "4. Nimepika mwenyewe." "9. Sikwenda." Halikuwa la kumwonyesha mtu. Lakini baada ya miezi miwili lilinionyesha mimi kwamba baada ya saa sita mchana mimi si mwalimu yuleyule, na kwamba Alhamisi nina vipindi viwili mfululizo saa nane, na karibu kila Ijumaa ni 8 au 9.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule na barua ya daktari na daftari. Alisoma barua. Ilitaja jina la ugonjwa, ilitaja macho na mate, ikasema hali ya mgonjwa ni tulivu. Akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma.

"Mwalimu, hapa wameandika umetulia."

"Ndiyo, mkuu. Ugonjwa umetulia. Mimi nimechoka."

"Sasa nitamwambia nini mwalimu wa taaluma? Kila mtu hapa amechoka."

Nilifungua daftari ukurasa wa Machi nikalisogeza mbele yake. Alivaa miwani. Alipitisha kidole kwenye safu ya namba polepole, kama anavyokagua mahudhurio, akafika kwenye Ijumaa moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Aliuliza namba 9 maana yake nini. Nikamwambia ni siku ambayo mtoto wangu alinivua viatu. Hakusema kitu kwa muda. Nje kengele ya mapumziko ikapigwa.

Hakunipa nilichoomba. Vipindi vya Alhamisi vimebaki saa nane, kwa sababu ratiba ya shule nzima ingevurugika. Aliniondolea zamu ya wiki, na akasema naweza kufundisha nimekaa. Kwa shule kama yetu hilo si dogo. Mwalimu anayekaa wakati wa kipindi anaonekana amekata tamaa, na mkaguzi akipita dirishani ataandika.

Alhamisi ya kwanza nilibeba kiti kutoka ofisini. Darasa lilisimama, "Shikamoo mwalimu," nikaitikia, nikakaa. Wakabaki wamesimama. Hawakujua kama wanaruhusiwa kukaa, maana kiongozi wa darasa huangalia mwalimu aliyesimama ndipo atoe ishara. Nikawaambia wakae. Nikawaambia kwamba nina ugonjwa wa tezi, kwamba nitakuwa nakunywa maji na kukaa, na kwamba siku nikisahau neno wanikumbushe. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ugonjwa huo unauma?"

"Leo ni 6," nikamwambia.

Akaandika kwenye daftari lake. Sijui kwa nini aliandika. Kisha tukafungua ukurasa wa vivumishi.